Meno Niliyomtengenezea Baba kwa Ajili ya Mtihani

Mama yangu ameishi na baba yangu kwenye ndoa miaka arobaini na moja.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, baba alifungua mdomo pale sebuleni. Mama akamtazama, kikombe kikamponyoka, akasema, "Shemeji?"

Mwenye kosa ni mimi. Mimi na shahada yangu.

Tulieni niwape mkasa mzima, na nyie mnaopenda kurukia mwisho acheni hiyo tabia.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Sio daktari. Daktari ndiye anayekwambia "panua mdomo, pole sana". Mimi niko chumba cha nyuma, vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi, natengeneza hicho utakachotafunia. Mgonjwa simwoni. Naletewa umbo la ufizi wake na karatasi yenye namba mbili, ukubwa na rangi, basi. Miaka kumi na moja nimekula kwa kazi hiyo.

Siku moja bosi akatangaza kwamba msimamizi wa maabara anastaafu, na anayetaka nafasi ile lazima awe na shahada ya uzamili. Hakusema uzamili wa nini.

Mimi huyo! Nikatafuta wenye mitihani michache.

Nikaupata. Uzamili wa Masomo Mseto. Falsafa kidogo, historia kidogo, sayansi ya sauti, sanaa ya picha, vyote sufuria moja. Jioni mara mbili kwa wiki.

Dada yangu, ambaye ni mfamasia na anapenda watu wajue, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa ukimaliza utaitwa nani?"

"Msomi."

"Msomi wa nini?"

"Wa mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo mengi, dada. Niache."

Nyumbani kwa wazazi nako kulikuwa na shida ambayo hatukuwaambia watu.

Baba alikuwa dalali wa mnada. Samani, vyombo, mashine kuukuu, chochote. Mtu alikuja kununua kiti akaondoka na kabati la milango mitatu, na asijue imekuwaje. Mdomo wa mzee ndio uliotulea: ada yetu, viatu vyetu, kila kitu.

Kisha ufizi ukaharibika, meno yakatolewa yote. Nani atamtengenezea mengine? Si binti yake fundi?

Nikajitutumua. Nikamtengenezea seti ya hali ya juu, meupe pee, yamenyooka kama vigae vya bafuni. Nikampiga picha nikaitupia kwenye kundi la familia, nikamwagiwa pongezi.

Wiki hiyohiyo akaenda mnadani. Alipofika kwenye "sita, saba", mdomo ukapiga filimbi. "Sabini na saba" ikatoka kama birika linalochemka. Watu wakaanza kucheka. Mjinga mmoja huko nyuma akamjibu kwa mluzi.

Baba akaweka kipaza sauti mezani, akarudi nyumbani. Hakusema tena.

Msinielewe vibaya, hakuwa bubu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Chakula alikula chumbani, mlango umefungwa. Meno aliyaacha kwenye glasi ya maji. Nikimwambia tuyarekebishe, ananipungia mkono kama anafukuza nzi. Mama akabaki anabishana na redio.

Miezi minane, jamani. Iliniuma, sitawadanganya. Mdomo ulionilea, mimi ndiye niliyeufunga kwa mikono yangu.

Basi bwana, turudi darasani.

Profesa wetu tulimwita Sweta, maana hata jua liwake vipi, hakuvua sweta lake. Alikuwa na utaratibu wake wa ajabu. Kila mwanafunzi analeta kitu kimoja kutoka kazini kwake, anakiweka mezani, wenzake wanamuuliza maswali. Sharti ni moja, hakuna kujibu kwa maneno ya kazini. Ukiteleza unaanza upya.

Kutoa kitu maabara kulihitaji sahihi tatu. Nikabeba meno ya baba yaliyokuwa kwenye glasi.

Aliyeanza kuuliza ni mwenzetu mmoja askari magereza, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole.

"Ya nani hayo?"

"Ukubwa wa kati, rangi namba..."

"Anza upya," akasema Sweta.

"Ni seti kamili ya juu na chini ya..."

"Anza upya."

Askari akainama mezani. "Dada, mimi nimeuliza ya nani. Hata kule kwetu watu wana namba, lakini ukimuuliza mtu anakutajia jina lake."

"Ya baba yangu," nikasema.

"Na kabla ya hapo alikuwa na meno kama haya?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikabaki nayatazama yale ya mezani.

Hebu fikirieni. Nimekaa meza moja na yule mzee tangu nazaliwa. Kazi yangu ni meno. Na sijui meno ya baba yangu yalikaaje! Nililia pale pale, mbele ya darasa, makamasi na yote. Askari magereza akanipa kitambaa chake.

Sweta wala hakunibembeleza. "Vizuri," akasema, "umepata mradi wa kumalizia shahada. Mtengenezee meno yake."

Nikaanza kazi. Mwalimu wa sauti akanionyesha jinsi ulimi unavyohitaji nafasi nyuma ya meno ya mbele, nami pale nilikuwa nimejaza plastiki nene kama soli ya kiatu. Ndiyo ile filimbi. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza mgonjwa anaongeaje. Mwalimu wa picha akanifundisha kusoma uso kwenye picha ya zamani, kivuli cha mdomo, jino linavyokamata mwanga.

Nilichokosa ni picha. Baba na picha walikuwa hawaelewani. Kwenye zote amefumba mdomo kama aliyeudhiwa na mpiga picha.

Nikapekua albamu ya mama kimyakimya, maana nilitaka iwe mshangao. Nikamkuta. Kijana, shati vifungo wazi, kipaza sauti mkononi, anacheka mpaka magego yanaonekana! Jino moja la mbele limeegemea jirani yake, chonge limejitokeza kwa ujeuri.

Nikasema, mzee wangu, nimekupata. Nikaipiga picha kwa simu humohumo ndani ya albamu, nikatoka kwa kunyata.

Wiki tatu nilichonga. Kila jino kwa mkono, hakuna cha namba. Yalipokamilika yalikuwa na kasoro zote, na sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Jumamosi nikaenda nayo. Baba akanipungia mkono wa nzi.

"Baba, huu ni mtihani. Usipoyavaa, nafeli."

Mzee hakuwahi kukubali mtoto wake afeli. Akayachukua, akayavaa, akafungua mdomo nitazame.

Ndipo mama akasema, "Shemeji?" na kikombe cha chai kikaenda sakafuni.

Baba akamwangalia mama. Akainuka, akaenda kwenye kioo cha ukutani, akasimama.

"Yanabana?" nikauliza, kama zuzu.

"Wewe mtoto," mama akasema, "hayo meno umeyatoa wapi?"

Nikamwonyesha simu. Akaenda chumbani, akarudi na albamu, akaichomoa ile picha na kuigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa baba: *Kaka. Picha yake ya mwisho.*

Nikatamani ardhi ipasuke.

Baba mkubwa alikufa kwa ajali kabla sijazaliwa. Nilijua kwamba aliwahi kuwepo, basi. Kumbe dalali wa kwanza alikuwa yeye. Baba alikuwa anambebea samani tu. Kaka alipokufa, baba akaokota kile kipaza sauti na jina lake hakulitaja tena nyumbani. Na mwalimu wa historia alikuwa na kipindi kizima cha kugeuza picha nyuma kabla ya kuiamini. Siku hiyo nilitoroka nikaenda kusuka nywele.

"Baba, nisamehe. Nipe niyatoe. Nitatengeneza mengine."

Akanyoosha mkono nisisogee. Alikuwa bado anatazama kioo.

"Kaka," akasema.

Sauti safi. Hakuna filimbi, hakuna birika.

"Kaka, kumbe ungezeeka hivi."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nikakaa sakafuni, juu ya chai iliyomwagika, sikujali.

Baba aliongea kuanzia hapo mpaka saa kumi alasiri. Alitusimulia jinsi kaka yake alivyomuuzia mtu mmoja kitanda chake mwenyewe mara mbili. Alitusimulia siku ya ajali, yote, taratibu, akilia waziwazi. Kisha akadai chakula, akala mezani, na kwa mdomo uleule akamsema dada yangu kwamba tangu awe mfamasia hajui kusalimia.

Nikamwuliza, "Na yako je, baba? Yale yako yalikaaje?"

"Mabaya. Unadhani kwa nini nilikuwa naziba mdomo kwa kipaza sauti miaka yote?"

"Nikuchongee mengine basi, mazuri, ya kwako."

"Ukiyagusa haya nakunyima radhi."

Sasa mrejesho. Baba amerudi mnadani, na kabati za watu zinaondoka. Mama naye ana kesi yake, anasema hawezi kulala chumba kimoja na shemeji, kwa hiyo kila jioni mzee lazima ayatoe. Sweta alisoma ripoti yangu akacheka mpaka akavua sweta, kisha akanipa C. Aliandika kwa wino mwekundu: "Chanzo hakikuhakikiwa."

Usimamizi wa maabara nimeupata, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na uzamili wa kitu chochote. Siku hizi natoka na aproni yangu yenye plasta, naenda kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwauliza walikuwa wanachekaje. Bosi anasema nachelewesha kazi. Ni kweli, nachelewesha.

Funzo langu ni hili, na mkitaka mlicheke. Kama mzazi wako yupo, leo kaa naye mezani, mchekeshe, halafu mwangalie usoni vizuri.

Mimi fundi nilichelewa. Albamu nzima nimeshaigeuza, picha moja moja, mbele na nyuma, hakuna hata moja aliyofungua mdomo. Meno ya baba yangu, yale yake mwenyewe, sitayajua kamwe.