Jembe la Siku ya Tatu

Mama yangu hasemi uongo. Naanza na hilo kwa sababu limetutia taabani mara nyingi kuliko lilivyotuokoa. Kaka yangu alipotoroka shule utotoni, mwalimu alikuja hadi nyumbani akauliza yuko wapi, na Mama akajibu bila hata kugeuka: "Yuko ghalani, nyuma ya magunia ya mbaazi." Kaka alichapwa pale pale. Mlokole kamili, Mama. Ukimwuliza kama kitambaa chako cha kichwa kimekupendeza, uwe umejiandaa.

Kwa hiyo mwaka ule wa kura, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipompeleka mtu kujificha kwa Mama, kijijini Mwala, nilijua ninamficha kwenye nyumba isiyo na mlango. Lakini ningempeleka wapi pengine?

Alikuwa jirani yangu mjini Machakos, fundi wa nguo kutoka Kongo. Alipanga chumba kando ya changu, nyuma ya msikiti, na asubuhi niliamshwa na cherehani yake. Vita ndivyo vilivyomtoa kwao. Mumewe aliuawa mlangoni mwa nyumba yao, yeye akiwaona waliomuua, na wao wakimwona. Alikwisha kuhojiwa Nairobi na watu wa shirika la wakimbizi, akaambiwa angoje barua ya kumtambua. Akiipata, angekaa kwa amani. Akikamatwa kabla haijafika, angepakiwa kwenye lori kuelekea mpakani, na baada ya hapo hakuna ajuaye angekabidhiwa kwa nani.

Basi mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura akapanda jukwaani na kutangaza kwamba wageni wamenyakua vibanda vya soko vya watoto wetu. Watu walipiga makofi, hata wengine ambao suruali walizovaa zilikuwa zimeshonwa na huyo huyo mgeni. Wiki ile ile msako ukaanza. Polisi walipita chumba kwa chumba, na kabla ya kuuliza kitambulisho walikusalimia kwanza, wasikie unavyojibu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kiswahili chetu Machakos tunakijua wenyewe, kimejaa Kikamba hadi pomoni, na mtu wa Mombasa akitusikia hucheka akashika mbavu. Lakini chake kilikuwa cha kwao. Alisema mutu, alisema bintu, na kubwa kuliko yote, alisema aksanti. Ukimwazima chumvi, aksanti. Ukimpisha bafuni, aksanti. Ukimkanyaga ukamwomba radhi, aksanti! Nilimwambia, "Dada, neno hilo moja litakupandisha lori." Akaziba mdomo kwa kiganja, akaitika kwa kichwa, kisha akasema, "Aksanti kuniambia."

Jamani! Nilimtoa mjini siku iliyofuata.

Kwa Mama alilala siku mbili kama mgeni, akala muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, pamoja na kunde, akaandaliwa maji ya moto ya kuoga. Siku ya tatu Mama alimgongea dirisha alfajiri akampa jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wengine husema hivyo kwa mzaha, lakini kwa Mama ni sheria. Alimwonyesha mahali pa kuanzia, wakalima pamoja udongo mkavu kungoja mvua. Na kwa kuwa lile neno lilikuwa bado linamponyoka, Mama akamfundisha neno letu badala yake: ni muvea. Alilirudia akilima, jembe likishuka, ni muvea, ni muvea, mpaka majirani wakadhani ni wimbo wa kanisa.

Mimi nilibaki mjini na kazi yangu. Nilikuwa ripota na mpiga chapa wa gazeti dogo la kutetea haki. Tulikuwa watu wawili kwenye chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na gazeti letu liliuzwa pale mjini na kwa wachuuzi wa Kyumbi. Mhariri wetu alikuwa kijana jasiri kweli. Alikwisha kulala seli kwa sababu ya maneno aliyoyaandika, akatoka na kuyaandika tena. Nilimheshimu, na bado namheshimu, ingawa kwa ubishi hakuwa na mfano.

Siku moja ya soko Mama alikuja ofisini, mhariri akiwa mezani pake, akaweka kyondo sakafuni, akaanza kusimulia kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Nilimkonyeza, hakuona. Nilimfinya, akasema, "Unanifinya nini?" akaendelea.

Polisi wawili, alisema, walifika nyumbani na habari kwamba kuna wageni wamejificha kwake. Hawakuwa Wakamba, kwa hiyo walimwuliza kwa Kiswahili: "Mama, kuna wageni hapa?" Na Mama, ambaye hasemi uongo, akawatazama kutoka kofia hadi viatu.

"Wageni ni nyinyi," akawajibu. "Wengine wote hapa nalima. Keti chini, nipatie nyinyi chai."

Wakaketi. Wangefanya nini? Yule dada mwenyewe ndiye aliyeleta chai. Leso ikamwanguka begani, polisi mmoja akaiokota akamrudishia. Mama alisema aliona kabisa lile neno likimfika kwenye meno. Lakini alilimeza, akasema, "Ni muvea." Polisi wakanywa chai, wakasifu maziwa, wakaenda zao.

"Mama," nilisema, "na huo si uongo?"

Alikasirika kwelikweli. "Uongo gani? Mtu amenilimia shamba mpaka mgongo unamuuma, nimwite mgeni? Huo ndio ungekuwa uongo."

Nilicheka, lakini si kwa muda mrefu. Maana nilimwona mhariri. Hakuwa akicheka. Alikuwa amelaza kalamu mezani taratibu na macho yanamng'aa.

Mama alipoondoka tu, akafunga mlango. "Hiyo ndiyo," akasema. "Jembe, chai, leso, aksanti. Ukurasa wa kwanza, na picha yake."

"Wazimu umekushika?"

"Nisikilize. Mheshimiwa anasema wageni, wageni, na watu wanashangilia kwa sababu hawamwoni mtu. Mtu asiye na uso hana msomaji. Wakimwona huyu ameshika jembe, nani atashangilia tena? Leo wanakamatwa wengi. Tukinyamaza kumlinda mmoja, hao wengine tumewatupa."

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mama yangu: hoja yake haikuwa ya kijinga. Usiku niliigeuza kichwani na sikupata pa kuivunjia. Wengine walikuwa wanakamatwa kweli. Lakini pale ofisini nilikuwa na hasira, na hasira haingoji hoja.

"Asiye na uso hana msomaji," nikamwambia. "Na asiye na barua ana lori."

"Tutabadilisha jina."

"Mwala nzima yuko mwanamke mmoja tu anayesema aksanti. Utabadilisha na hilo?"

Akaokota kalamu yake. Hilo hakutaka kulibadilisha, nami nilimwelewa, maana ndilo lililokuwa na utamu. Mwishowe alisema atakwenda kumwuliza mwenyewe, na akikubali sitakuwa na la kusema. Niliogopa jambo moja tu: yule dada hakujua kukataa. Ungemwomba figo angejibu aksanti.

Jumamosi tulikwenda kwa pikipiki yake, mimi nimekaa upande kwa sababu ya sketi, mdomo umejaa vumbi kutoka Masii hadi kwetu. Begani alining'iniza kamera na kinasa sauti. Tuliwakuta shambani, Mama na yule dada. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na Mama hakuwa na subira na mtu yeyote. Alitusalimu, akaendelea kulima.

Mhariri alijieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Hakumdanganya. Alimweleza juu ya mheshimiwa, juu ya waliokamatwa, juu ya gazeti. Akamwambia yuko huru kukataa. Yule dada alisikiliza, mikono juu ya mpini. Mimi nilikuwa nasali, na mimi si mtu wa kusali.

"Kaka," akasema hatimaye, "weye uko mugeni hapa, ao uko mutu wa nyumba?"

Ungejibuje swali hilo, umesimama kwenye shamba la watu, mama mwenye nyumba anakuangalia? "Mimi ni mtu wa nyumbani," akajibu mhariri, akitabasamu.

"Basi shika."

Akampa jembe lake.

Mama alicheka akainama. Mhariri alinitazama, nami nikatazama mawingu. Akavua kamera, akaitundika kwenye mti wa ua, akaanza kulima. Alizaliwa na kukulia mjini, kwa hiyo alilima kama anayeua nyoka. Yule dada alimrekebisha mara mbili tatu, kwa upole, kisha akachukua jembe la akiba akaingia kando yake. Walilima hivyo hadi adhuhuri, na kila nilipowachungulia nikipika walikuwa wakizungumza.

Tulipokula, yule dada aliweka sahani chini na kumgeukia. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mugeni anaendaka kusimulia kile aliona. Mutu wa nyumba, hapana. Bale baliua bwana yangu, banajua uso yangu. Weye unautaka, na bo pia banautaka. Siku nitapata barua, nitasimulia miye mwenyewe, na jina yangu. Sasa hapana, kaka."

Hapana! Miezi yote ile sikuwahi kumsikia akilitamka kwa mtu. Nilitamani kumkumbatia. Mhariri alitazama viganja vyake, vilikuwa vimechubuka na malengelenge mawili yamepasuka. Akasema, "Sawa, dada," na akaomba aongezewe maharagwe.

Lakini sawa ya mezani si sawa ya mtamboni. Wiki ile alijifungia akaandika, hakuniachia nipige chapa kama kawaida. Alipiga mwenyewe, kidole kimoja kimoja, viganja vimefungwa plasta. Nilimwuliza anaandika nini, akasema nitasoma. Usingizi ulinitoroka. Nilimwona yule dada kwenye lori kila nilipofumba macho, na nilishaamua: nikikuta hata herufi moja ya Mwala, nachukua mkoba wangu na simrudii tena.

Gazeti lilipotoka nilimnyang'anya mchuuzi nakala ya juu, nikasoma nimesimama katikati ya barabara, mkokoteni wa punda ukinipigia kelele nipishe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya vibanda vya soko. Mhariri alikuwa amezunguka kutoka kibanda hadi kibanda akiuliza nani anakimiliki, na kumbe vile vibanda vya watoto wetu vingi vilikuwa vya shemeji na binamu za mheshimiwa mwenyewe. Majina yao yalikuwapo, na mhariri alikuwa ameweka lake chini. Nikageuza ukurasa wa pili, wa tatu, nikasoma hadi matangazo ya vifo. Hakukuwa na Mwala, wala jembe, wala aksanti. Nikaketi kwenye ukingo wa duka la watu na kucheka peke yangu.

Nilipanda ngazi nikamkuta anakunywa chai. Nilitaka kusema maneno mazuri, nikashindwa. Nikamwambia mpangilio wa ukurasa wa nne ni mbaya.

"Najua," akasema. "Mpiga chapa wangu alikuwa amenuna."

Isidhaniwe kwamba habari ile iliangusha mtu. Mheshimiwa alishinda kura vilevile, na shemeji wakabaki na vibanda vyao. Alichopata mhariri ni mawe mawili dirishani. Ila baada ya kura msako ulipoa, kama unavyopoa siku zote makofi yakiisha, na mvua ilinyesha vizuri, kunde zikashika hata kwenye ile mistari iliyopinda aliyolima mhariri.

Barua ilikuja tukivuna. Niliipeleka Mwala mwenyewe. Aliisoma, akampa Mama ambaye hajui kusoma, Mama akaisoma pia kwa vidole, wote wawili wakalia. Ilikuwa siku ya soko Masii, tukaenda watatu kutafuta nyama ya kusherehekea.

Yule dada sasa anaishi mbali, kwenye nchi ya baridi. Hadithi yake alikwisha kuisimulia mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya watu wengi. Nilimwomba ruhusa niandike upande wangu, akasema niandike, ila majina niyaache, kwa sababu mambo ya nyumbani ni ya nyumbani.

Lakini siku ile Masii. Tulisimama kwa muuza nyanya, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, na askari mmoja alikuwa hapo hapo akichagua vitunguu. Muuzaji akapima, akaongeza nyanya moja ya bure. Yule dada akaipokea kwa mikono miwili. Nikaona midomo yake ikianza, kwa mazoea, ni mu... Akasita. Akamtazama askari. Kisha akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa hadi kwa wauza mbuzi:

"Aksanti, mama! Aksanti sana!"

Askari aligeuka. "Wewe si wa huku," akasema, lakini bila ubaya, kama mtu anayeanzisha mazungumzo.

Mama alimjibu kabla yetu. "Huyu ni wa kwangu," akasema. "Kwani wewe ni wa wapi?"