Vipanga Wangu Kumi na Wawili

Kabla sijaliharibu, neno kipanga lilikuwa la kila mtu pale kijijini Kanja. Mtoto aliyefungua redio iliyokufa akairudishia sauti aliitwa kipanga. Mama aliyegawa githeri ya mahindi na maharagwe ya watu wanane ikatosha watu kumi na watano, naye aliitwa hivyo, kwa mzaha na kwa heshima. Neno lilitolewa bure na kufikia jioni lilikuwa limesahaulika. Mimi ndiye niliyelitia kufuli.

Nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la saba, nimetoka chuoni na tai mbili na majivuno mengi. Katika gazeti moja kuukuu nilisoma kwamba huko nchi za mbali kuna vyama vya watu wenye akili nyingi sana. Huingii kwa ukoo wala kwa mali, unaingia kwa kushinda mtihani wa mafumbo. Wazo hilo lilinilevya. Wiki hiyohiyo nikaanzisha Chama cha Vipanga: nafasi kumi na mbili, madawati ya mbele, na ruhusa ya kuazima vitabu vya hadithi kabatini kwa mwalimu mkuu. Mtihani niliutunga mwenyewe, na kwa kuwa niliutunga mwenyewe, niliuamini.

Swali la nne liliuliza: kati ya maharagwe, njahi, ndengu na mahindi, kipi si mwenzao? Nilitaka mahindi, maana hizo nyingine zote ni jamii ya kunde. Msichana mmoja mwembamba, mtoto wa jirani yangu, aliandika njahi. Nikamsimamisha ajieleze.

"Hizo zingine tunakula tu siku yoyote, mwalimu," alisema. "Njahi anapikiwa mama akishazaa, ndio apate nguvu na maziwa. Ukiona njahi jikoni unajua kuna mtoto."

Jibu lile lilikuwa na akili kuliko swali. Nililijua hilo palepale, chaki ikiwa mkononi, kwa sababu mke wangu alikuwa amejifungua mwezi ule na njahi zilichemka nyumbani kwangu kila siku. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama, nami sikutaka kushindwa na mtoto. Nikasema, "Kipanga hafikirii kwa tumbo." Walicheka sana. Aliketi, na kwa alama hiyo moja akawa wa kumi na tatu.

Sikujua jinsi neno linavyotembea. Hata kwenye foleni ya maji watoto walianza kujigawa, vipanga huku na "wale wengine" kule. Siku ya wazazi ilipofika, baba wa yule msichana alinijia, kofia mkononi. Alikuwa mkulima mpole, na uwezo wake ulitosha kumpeleka sekondari mtoto mmoja tu, ama msichana huyu ama kaka yake.

"Mwalimu, wewe ndiye unajua," aliniambia. "Huyu wangu ni kipanga ama si kipanga? Niambie tu, usinifiche."

Ningemwambia kuhusu njahi, yangekwisha. Badala yake nilifungua daftari, nikapitisha kidole kwenye orodha ambayo nilikuwa nimeikariri, nikajibu, "Hayumo. Lakini ana adabu." Alinishukuru mara mbili, nami nikavimba kichwa.

Muhula uliofuata msichana hakurudi. Alipelekwa mtaa wa Majimbo, huko Embu mjini, kulea mtoto wa karani mmoja. Kutoka kwangu hadi kwa baba yake ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na sikuenda. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi, kisha mvua ikipungua, kisha mitihani ikiisha. Niliona haya, basi. Kaka yake aliacha shule kidato cha pili. Nilipohamishwa, chama changu kikafa, na vipanga wangu kumi na wawili wakawa watu wa kawaida kama sisi sote. Mmoja ni diwani, na sijampigia kura hata siku moja.

Nimestaafu sasa. Miezi michache iliyopita nilikwenda soko la Embu kutafuta koti, nikasikia mwenye mitumba akiniita mwalimu. Alikuwa yeye, mwanamke mzima, mwenye sauti ya kujaza soko. Alinikalisha kwenye kigoda chake, akafurahi kweli kuniona, na furaha yake ilinichoma.

"Mungu amekuleta, mwalimu. Niko na kasichana kangu ka mwisho huko nyumbani, kanauliza maswali mpaka kichwa inaniuma. Nikuletee ukapime? Kama si kipanga nikafundishe hii kazi mapema, kasipoteze miaka bure."

"Usimlete kwangu," nilisema. "Msomeshe mpaka mahali utakaposhindwa kabisa. Wewe nilikupima vibaya. Jibu lako la njahi lilikuwa sawa, nilijua ni sawa, na baba yako nikamdanganya."

Alicheka, akanigusa bega. "Aai, mwalimu, wacha kunifariji. Ulisema tu ukweli. Mimi kichwa yangu haikuwa ya masomo."

Nikarudia. Nilirudia kwa sauti hadi wateja wakageuka. Aliacha kucheka, akanitazama kwa huruma, vile tunavyowatazama wazee walioanza kuchanganya mambo, kisha akaniuliza taratibu kama kuna mtu wa kunirudisha nyumbani.