Aliyeweka Ale Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya Urambo, Bwana Afya hakunionyesha sindano wala kabati la dawa. Alinipeleka kwenye benchi la wagonjwa, akaniambia nikae nao, nisiseme neno, nisikilize tu. Mchana akaniita.

"Umesikia nini?"

Nikamwambia nimesikia homa, kikohozi, na mtoto mmoja wa degedege.

"Yule wa degedege amechelewa kuletwa. Nani aliyekataza asiletwe mapema?"

Sikujua.

"Basi hujasikia kitu, Zuhura. Ugonjwa anao mgonjwa, lakini kule nyumbani yuko mwenye kauli. Usibishane na mgonjwa. Mtafute mwenye kauli."

Nyinyi manesi wa siku hizi mkipita hapa kwangu kunisalimia, mnasema mmesikia nilikuwa mkali. Sikuwa mkali, nilikuwa mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyabiashara hapa Tabora mjini, Mwarabu wa hapa hapa, na hakununua gunia la mchele bila kuzamisha mkono hadi chini. Mimi nilizamisha mkono kwa wagonjwa. Mtu akiniambia amekunywa dawa, nilimwambia afungue mdomo.

Urambo ndiko nilikojua habari ya kutupiwa. Watu waliamini kwamba ugonjwa wa kutupiwa, yaani uliotumwa na mtu, ukichomwa sindano tu, mgonjwa hachukui muda anakufa. Kwa hiyo mtoto anazungushwa kwanza kwa waganga, akishalegea ndipo analetwa kwetu, tunamchoma sindano, anafariki, na sisi ndio tunathibitisha maneno yao. Iliniuma sana hali ile. Nimewazika watoto ambao dawa yao ilikuwa kabatini.

Kisha nilihamishiwa Kigwa, chini ya Matroni mmoja mnene asiyecheka. Huko tulitibu kwa kusimuliwa: mgonjwa yuko kijijini, anatumwa shemeji yake kuja kueleza. Matroni alikuwa akiniambia, "Usimuulize anaumwa nini. Uliza anakula nini, analala wapi, amevaa nini. Ugonjwa utajitaja wenyewe." Sikujua kwamba maneno hayo yangenifaa siku moja kwa mgonjwa aliye ng'ambo ya bahari.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia mjini, kwenye ofisi ndogo iliyohudumia afya ya wanafunzi wanaokwenda kusoma nje. Kabla ya safari tuliwapa chanjo, ile ya homa ya manjano na nyinginezo, na kadi yake ya njano ya kuonyesha uwanja wa ndege. Tuliwaeleza bima ya safari, ambayo ndiyo inayomlipia mwanafunzi hospitali akiugua ugenini. Wakishafika huko, walikuwa na namba yetu ya simu. Walipiga kwa sababu ya mafua, tumbo, upweke. Mratibu wetu, kijana aliyesoma Ulaya, alitutaka tuwe wapole. Mimi nilikuwa mpole baada ya maswali.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili akapiga Kalunde, binti wa wakulima wa tumbaku wa Usoke, Wamoravia. Alikuwa Ujerumani, anakaa chumba kimoja nyumbani kwa bibi mmoja mjane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

"Vidole vya mguu wa kushoto vimekufa ganzi. Vimepauka, vimekuwa vigumu."

"Nenda hospitali. Bima unayo."

"Siwezi kwenda, mama."

Nikashuku palepale. Mwanafunzi mwenye bima asiyetaka hospitali ana jambo analificha. Nikawaza mimba, nikawaza pombe. Nikakumbuka Matroni.

"Umevaa nini miguuni?"

Akarukia habari za masomo.

"Kalunde, nimekuuliza."

"Raba, mama. Za kitambaa."

"Nje kuna nini?"

"Theluji."

"Na zile buti ulizonunua?"

Akaanza kulia. Alisema yule bibi hataki viatu vyenye maji vipite mlangoni, kwa hiyo buti hulala nje ya chumba, kwenye mkeka. Asubuhi moja alipotaka kuzivaa akakuta zimewekewa vitu ndani: njugu ngumu za huko, chungwa, na kijiti kilichofungwa utepe mwekundu. Hakuna aliyemwambia neno. Tangu siku hiyo hakuzigusa, alikwenda chuoni kwa raba zilizolowa, na mguu ukaanza kufa. Akampigia mama yake Usoke. Mama akamwambia ametegwa. Akamkataza kuzivaa buti zile, akamkataza na hospitali, maana akichomwa sindano tu basi.

Sikilizeni, na mimi nilisisimka mwili. Kijiti chenye utepe mwekundu ndani ya kiatu cha mtoto wa watu! Hapa kwetu mtu akitaka kukuharibia maisha anaanzia miguuni, pale unapokanyaga.

Nikamwendea Mratibu. Akacheka mpaka akakaa.

"Ni Nikolao huyo, mama. Mtakatifu. Huko watoto wanaacha viatu mlangoni, usiku anapita kuweka zawadi, yaani mwenye nyumba ndiye anayeweka kwa jina lake. Ndiye babu yake Baba Krismasi."

Baba Krismasi nilikuwa namjua: yule wa ndevu za pamba anayesimamishwa mlangoni mwa maduka, jasho linamtiririka. Sikuwahi kumwamini naye.

"Na kijiti?"

"Cha watoto watundu. Cha kuchapwa. Ni utani tu."

"Mtakatifu anatembea na fimbo?"

"Ndiyo desturi yao."

Niliwaza kwamba Wajerumani walipita hapa zamani na viboko vyao, wakatuachia boma, na leo wanaweka fimbo ndani ya kiatu na kuiita utani. Lakini Kalunde alikuwa ameshanitumia picha ya vidole, na nilichokiona kilinitosha. Ni baridi iliyouma: damu inavikimbia vidole, ngozi inapauka na kukakamaa. Ukichelewa vinakufa kabisa, vinakatwa. Nikampigia tena, nikamwambia asivisugue wala asivisogeze kwenye moto, maana nyama isiyosikia huungua bila kujua. Kuhusu hospitali akajibu lile lile: mama amekataza. Simu ya mama yake nayo ikawa haipokelewi.

Nikapanda basi la Urambo, nikashuka Usoke.

Mama Kalunde nilimkuta anachambua majani ya tumbaku. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kinyamwezi, nikajitaja na ninakotoka. Akaitikia bila kuinua uso.

"Najua umetumwa nini, dada. Mwanangu hachomwi sindano."

Nikamweleza Nikolao, zawadi, desturi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

"Mchawi naye huanza kwa zawadi," akasema. "Babu zetu walikwenda pwani na mizigo vichwani, wakarudi. Miguu ndiyo iliyotulisha. Hakuna aliyerudi bila vidole. Huyu wangu amepanda ndege, amelala kwa watu siku chache, mguu unakufa. Na wewe unaniambia mtakatifu?"

Swali lake lilikuwa langu. Sikubishana. Nikamuuliza mambo ya hapo nyumbani kwake.

"Mgeni akija kwako ukampa pombe, nani anaonja kwanza?"

"Mimi mwenye kuitoa."

"Kwa nini?"

"Aone sina kitu moyoni."

"Basi tumwambie aliyeweka ale kwanza."

Hapo ndipo akainua uso. Akanitazama sana, naona alikuwa ananishuku na mimi. Kisha akasema, "Ale. Na azivae."

Tukampigia Kalunde kwa simu ya picha, tumekaa juu ya gunia moja, vichwa vimegusana. Kalunde akamwita yule bibi, akamtafsiria. Bibi mwenyewe mdogo, mweupe, miwani imemshuka puani. Alipoelewa alikishika kifua, uso ukamwiva. Nilidhani atakasirika. Akaenda mlangoni, akazileta buti vilevile zilivyokuwa. Akamenya chungwa, akala kipande mbele yetu, polepole. Akavunja njugu, akatafuna, akafungua mdomo tuone. Nilimpenda hapo. Kisha akakaa chini na uzee wake, akaingiza miguu kwenye buti za Kalunde, akatembea chumbani kwenda na kurudi, machozi yanamtoka.

"Na kijiti?" akauliza Mama Kalunde.

Bibi akakichukua, akafungua mlango wa jiko lake la kuni, akakitupa motoni.

Mama Kalunde akashusha pumzi. "Nenda hospitali, mwanangu. Wakuchome wanapotaka. Huyo bibi akupeleke, nimemruhusu."

Yule bibi alimpeleka yeye mwenyewe, akakaa naye huko. Kidole kidogo kilikatwa, kilikuwa kimeshakwenda. Vingine vilipona. Mimi nililia kwa ajili ya kile kidole, maana kilikwenda bure. Mwaka huohuo nikaongeza swali kwa kila mwanafunzi kabla hajasafiri: ukishafika huko, ukikuta kitu kiatuni, utampigia nani kwanza? Mratibu aliona ni upuuzi. Wanafunzi walicheka, ila kila mmoja alijibu "mama", na mimi nikachukua namba ya huyo mama.

Nilipostaafu, waliniandalia hotuba na kanga. Kesho yake Kalunde, aliyekwisha kurudi na shahada yake, alikuja hapa nyumbani. Anatembea vizuri, ukimwangalia sana ndipo utaona anaukwepa upande wa kushoto. Alikuwa amebeba ndoo ya asali kutoka kwa mama yake.

"Mama anakusalimia. Bado anauliza, kile kijiti kilikuwa cha nini hasa."

"Mwambie hata mimi sijaridhika."

Akaifungua ndoo, akaomba kijiko ili aonje yeye kwanza, kama alivyofundishwa. Nikamtazama mtoto wa watu anavyohangaika kunithibitishia moyo wake, mimi niliyeshuku kila kitu tangu Urambo.

Kabla kijiko hakijaletwa, nilikuwa nimeshachovya kidole.