Siku Honi Alipotangaza Paswedi ya Shangazi

Kuna watu wana sauti, halafu kuna Honi. Jamaa akikusalimia asubuhi, mtaa wa pili wanaitikia. Kazi yake ni ushereheshaji: harusi, mahafali, maduka mapya yanapofunguliwa, popote penye maiki na watu waliopiga pasi. Na kwenye kazi hiyo ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja: mtu akisema kitu chini chini, wewe unakirudia juu juu, ili hata aliyekaa karibu na choo asikie. Bibi harusi akinong'ona "nampenda," Honi anauambia ukumbi mzima kwamba anampenda. Imeshamwingia kwenye damu. Akienda dukani, muuzaji akisema sukari imeisha, Honi anageuka anawatangazia walio nyuma yake.

Sasa huyu ndiye aliyeamua kufundisha watu kutunza siri.

Usicheke bado, alikuwa na sababu. Wezi wa mtandaoni waliuteka ukurasa wake, wakakaa humo kama kwao, wakawa wanawaandikia wateja kwa jina lake wakiomba hela ya matibabu ya mguu. Watu wakikutana na Honi barabarani wanamwangalia miguu. Ukurasa haukurudi. Honi akanuna, na kwa Honi kununa maana yake ni kuongea kwa sauti ya kawaida kama sisi wengine. Halafu akaanza kujisomea. Video baada ya video. Alimsumbua binamu yake fundi kompyuta mpaka binamu akiona jina lake linaita anaigeuza simu kifudifudi.

Alipoelewa, kunyamaza kukamshinda. Alianzia kwa kinyozi, ambako watu wamefungwa shuka shingoni na hawana pa kukimbilia. Akahamia kikao cha wazazi shuleni. Akaenda mpaka foleni ya zahanati, mwisho akajipatia ukumbi wa mtaa kila Jumamosi. Na tusimnyime haki yake, alikuwa mzuri. Alikuwa anakueleza kiungo cha uongo kama anakutambulisha kwa bwana harusi aliyeficha wake wawili. Watu wanacheka, wakifika nyumbani wanakuwa waangalifu.

Ila Shangazi yake hakuwahi kuja. Huyu Shangazi ndiye aliyemlea, fundi cherehani, mkuu wa karakana ya ushonaji jirani na ukumbi wa mtaa. Msimu wa sare za shule ulikuwa umepamba moto, na oda zote zinaingia kupitia ukurasa wa karakana: vipimo, picha, nani kaagiza nini. Ukurasa ule ukipotea, mafundi wanabaki na mlima wa vitambaa, hawajui shati lipi la mtoto yupi.

"Shangazi, wewe ndiyo unahitaji hili somo kuliko wote," Honi alimwambia.

"Mdomo wako wenyewe ni bomba lililopasuka. Wewe unifundishe mimi siri?"

"Njoo Jumamosi. Nikikuaibisha, nifukuze kwenye ukoo."

"Ukoo ulishakuchoka, tunakuvumilia tu. Haya, nitakuja na wenzangu."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Honi, kwa mazoea ya kazi, alitega spika moja mlangoni ikitazama barabarani ili ivute wapita njia. Shangazi akakalishwa mbele kabisa kama mama wa bwana harusi. Mwenzake aitwaye Mkasi, mwanamke mwembamba anayekata vitambaa kutwa, akabaki nyuma na simu ya karakana, maana wateja hawajui Jumamosi.

Somo likanoga. Honi akashuka jukwaani na maiki yake. "Nani atanipa mfano wa paswedi mbovu, mbovu ya kunuka?"

Shangazi alikuwa ameshakolea. Akamvuta shati, akamnong'oneza, ile ya shangazi na mtoto wake: "Cherehani moja mbili tatu. Hiyo nayo mbovu?"

Ungemzuia wewe?

"Cherehani moja mbili tatu, mabibi na mabwana," spika zikaunguruma, ya ndani na ya mlangoni. "Anauliza Shangazi yangu mpenzi, mkuu wa karakana ya hapo jirani, kama ni mbovu. Herufi kubwa au ndogo, Shangazi?"

"Ndogo," Shangazi akajibu, kwa vile mtoto akiuliza anajibiwa.

"Zote ndogo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Honi naye akacheka, mpaka alipogundua kuna mtu mmoja hacheki.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Shangazi alisema. "Ndiyo ninayotumia."

"Hiyo ndiyo yenye..." Honi akaanza kurudia, kisha akajiziba mdomo na maiki.

Simu zikaanza kutetemeka ukumbini, za wote wanaofuata ukurasa wa karakana. Pale juu ya ukurasa palikuwa na sura ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, povu kidevuni, na maneno: Kuanzia leo tunashona na vichwa. Punde kinyozi mwenyewe akatokea mlangoni, amefurahi kupita kiasi.

"Kinyozi, toka humo," Honi alisema.

"Kaka, jina la ukurasa liko kwenye bango lao, paswedi umenipa wewe. Ningekataaje?"

"Toka kabla hajaingia mwenye nia mbaya."

Kinyozi akatazama simu yake, furaha ikampungua. "Sikiliza. Hiyo sura ni mimi. Lakini hili tangazo la gari jekundu lililowekwa sasa hivi, mimi silijui."

Kwa hiyo kulikuwa na mwingine ndani. Na spika ya mlangoni ilikuwa bado imewashwa.

Shangazi alishajua cha kufanya, Honi alikuwa amekifundisha muda mfupi uliopita. Akatoa simu yake, akabonyeza kubadilisha paswedi. "Wanasema wametuma namba ya kuthibitisha kwenye simu ya karakana," akasema.

Simu ya karakana iko kwa Mkasi. Mkasi yuko nyuma. Katikati kuna umati usio na nafasi ya kupitisha kijiko.

Sasa lazima ujue karakana ile inavyofanya kazi. Mmoja anapima, mwingine anaandika, na kwa kelele za cherehani anayepima hupiga ukelele: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mkasi amefanya hivyo miaka yote. Basi akasimama juu ya kiti, akaiweka simu mbali na macho, akajaza kifua hewa.

"Nne!"

Honi akaona maisha yake yote yakipita. Ile namba ambayo kila wiki anawaapisha watu wasimtajie hata mama mzazi, inasomwa kama kiuno cha sketi. Akaruka kwenye meza ya muziki, akazungusha kitufe mpaka kikagoma. Wimbo wa kuingiza maharusi ukalipuka. Mkasi, akidhani hasikiki, akaongeza sauti. Honi akawasha na spika ya akiba.

Watu wakisikia ule wimbo miguu haisubiri ruhusa. Ukumbi mzima ukainuka, ukajigawa pande mbili, ukaacha njia katikati, kwa sababu wimbo ule ndivyo unavyotaka. Honi akamwonyesha Mkasi kwa mikono: njoo, njoo. Mkasi akashuka kitini, simu kifuani, akapita katikati akicheza taratibu kama bibi harusi, vigelegele kushoto, vigelegele kulia. Akafika. Shangazi akaisoma namba kwa macho yake, akaandika, akaweka paswedi mpya huku amejifunika kanga, akabonyeza kuwatoa wengine wote.

"Nimetupwa nje," kinyozi akatangaza, simu juu kama kombe.

Gari jekundu likafutwa. Shangazi akazipitia oda moja moja, kila shati na kila sketi. Zipo zote.

Honi akapunguza muziki, jasho linamtiririka. "Mabibi na mabwana, Shangazi yangu ana paswedi mpya." Makofi. Na mkono wake, wenyewe tu, bila kumuuliza, ukaipeleka maiki mdomoni kwa Shangazi.

Ukumbi mzima ukanyoosha shingo.

Shangazi akaitazama maiki, akamtazama mwanawe. "Ni ndefu," akasema. "Hilo unaweza kurudia."

"Ni ndefu, mabibi na mabwana," Honi akasema, na mpaka kule chooni walisikia.