Betri Niliyoichagua kwa Kukagua Zilizokufa

Naanza kwa kukiri: niliianika juani betri ya Kombi ya mama. Niliipandisha juu ya paa la gari, kama bibi anavyoanika betri za redio yake zikiishiwa nguvu. Za bibi hufufuka na kumsomea habari siku mbili zaidi. Mimi nikaona sayansi ni ileile, tofauti ni ukubwa tu.

Niliyeimaliza ni mimi. Tulikuwa mnadani Kintinku, na tangu mitumba iruhusiwe kila mwenye turubai anauza mashati. Nikasema tutawavuta wateja kwa muziki. Nikaiunga redio kaseti kwenye betri ya gari, ikaimba kutwa. Jioni mama akageuza ufunguo, gari likasema "tk", likanyamaza.

Asubuhi akanikuta nimesimama kando ya gari, nasubiri jua lifanye kazi.

"Unaanika nini huko juu, mihogo?"

Tulisukumwa na wafugaji waliokuja kuuza ng'ombe. Mmoja akapiga kelele, "Mama, lifunge maksai, litakulimia!" Mama hakucheka. Ile Kombi ni duka lake na nyumba yake. Nyuma fundi seremala amemtengenezea kitanda, na kila mnada analala humo siku mbili. Alfajiri lazima awe na taa ya kuchambulia belo la mitumba kabla wateja hawajaamka.

"Tunanunua betri ya pili," akasema, "ya taa na hiyo kelele yako. Utaichagua wewe, si ndiye unayesoma fizikia? Ikinizimikia mnadani Sepuka, likizo yote uko kwa bibi yako na mbuzi."

Mbuzi wa bibi nawajua. Wananidharau.

Tuliporudi mjini nikaenda mtaa wa Utemini kwa fundi anayechaji betri, pale watu wanapoleta za kwao kila wiki zimefungwa kwenye keria ya baiskeli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Chukua hii mpya, inawasha lori!"

Iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nilikaribia kuikumbatia. Lakini nyuma ya duka niliona rundo la betri zilizokufa, nikaingia huko bila ruhusa, tabia ambayo shuleni hunipatia viboko.

"Fundi, hawa marehemu walikuwa wanafanya kazi gani?"

"Taa na redio majumbani."

"Zote zilikuwa za gari?"

"Zote. Betri ya gari inatoa nguvu nyingi mara moja, gari likiwaka inajazwa palepale. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, miezi michache tu, kwisha."

"Na wewe redio yako hapa dukani inatumia ipi?"

Akakohoa. Chini ya meza kulikuwa na betri moja nzito, imejaa vumbi.

"Hiyo ni ya sola. Inatoa kidogokidogo, ukiimaliza unaichaji, inarudi kazini. Sina shida nayo mwaka wa tatu huu."

"Kumbe! Wateja unawapa ya bwana harusi, wewe umejiwekea ya mke mkubwa!"

Alicheka mpaka akashika meza. "Watu hawaitaki, mtoto wewe. Wanauliza inawasha lori, nasema hapana, wanaondoka." Akaniletea nyingine ya sola kutoka stoo, akaichaji mpaka ikajaa. Kuibeba hadi kwenye Kombi nilitembea kama mjamzito, na vijana wa mtaani hawakuacha kuniuliza natarajia lini.

Sepuka nikaiunga taa na redio kwenye betri ya sola peke yake, ya gari sikuigusa. Alfajiri taa ikawaka, mama akachambua belo zima, mashati mazuri yote yakapanda kamba ya mbele. Halafu redio ikaimba kutwa. Alfajiri ya pili, taa ileile, nyeupe vilevile. Muuza ndala wa jirani, aliyetuona Kintinku na kusema tutasukumwa tena, alikuja kuangalia chini ya kitanda kama tumeficha jenereta. Nikamtembeza kama mgeni rasmi.

Tulipofunga turubai, wateja wawili walisogea tayari kusukuma, wema wao huo. Mama akageuza ufunguo. Kombi ikawaka mara moja. Nikaruka, nikapiga saluti kwa muuza ndala, nikainama kwa umati ambao haukuwa umeniita.

Mama akanitazama kupitia dirisha, akasema:

"Panda mbele, mbuzi wa bibi wasubiri. Likizo ni ndefu, na bado sijakusamehe."