Poda ya Mama Siku ya Proklamasio

Harufu ya poda ya watoto wachanga, ile ya bei rahisi inayokaba koo, mpaka leo huniinua kichwa. Wengine huwakumbusha kitanda cha mzazi. Mimi hunikumbusha uwanja wa shule yetu pale Kibua, mwezi wa saba, wazazi wamevaa nguo za ibada na direktere, mkuu wa shule, amesimama kwenye ngazi akisoma matokeo. Hiyo ndiyo proklamasio. Kwetu matokeo hayanong'onwi. Husomwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima, kuanzia wa kwanza, na kila jina likitajwa jamaa hupiga vigelegele, humkimbilia mtoto wao na kummwagia poda kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Ambaye jina lake halikusomwa anajijua. Hakuna anayemfukuza, anaondoka mwenyewe, akipitia nyuma ya vyoo.

Nilipokuwa darasa la nne, jina langu halikusomwa. Nilisubiri mpaka direktere akakunja karatasi yake. Nilijua maana yake, kwa sababu Baba alikuwa ameshasema: nikikosa, masomo yameisha, nitapelekwa Hombo kwa shangazi nimsaidie kuuza mawese sokoni. Baba hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu, kama wengi wanavyoamini, kwamba akili ni kama kimo: Mungu amekugawia chako, na ukikosa umekosa. Nilikuwa nimeshageuka kuelekea vyooni Mama aliponishika mkono. Akatoa kopo la poda alilolificha ndani ya kitenge, akanimwagia lote kichwani, mbele ya watu.

Kicheko kilichopasuka pale bado nakisikia. Baba alikuja mbio, uso umemwiva kwa haya. "Unatuhaibisha juu ya nini? Kichwa ya huyu mutoto iko nguvu sawa jiwe, haiingie kitu. Poda iko ya wenye wamepita."

"Mwaka yote alikuwa anatembea na mvula, anaenda kusoma," Mama akajibu, bila kupunguza sauti. "Ile haikukuwa kazi? Wenye wamepita, waende. Huyu wangu iko mu njia bado. Atarudilia mwaka."

Tukarudi nyumbani kwa barabara kuu, katikati ya watu, nikiwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Niliona haya, sikatai. Lakini pia nilikasirika, na hasira ile ilinifaa kuliko machozi. Baba akakubali mwaka mmoja tu, tena zaidi kwa kuchoshwa na maneno ya Mama kuliko kwa imani yoyote.

Likizo ile yote ilinuka moshi na muhogo ulioloweshwa. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Tulipokuwa tukimenya muhogo alinipa kipande cha mkaa, akanionyesha ukuta wa jiko: "Nifundishe ile yenye ilikushinda." Ilikuwa kugawanya. Nilidhani ningempitisha haraka haraka yaishe, kumbe Mama alikuwa msumbufu ajabu. Hakutikisa kichwa kwa adabu kama tulivyofanya sisi darasani, tukiitikia "ndiyo, Madame" huku hatujaelewa kitu. Nikishusha tarakimu, aliuliza kwa nini naishusha. Sikujua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hesabu yote haikuwa imenishinda. Nilikwama mahali pamoja tu, na mahali pamoja panaweza kulimwa. Nilifuta, nikaandika, nikakosea, nikalia, nikaenda kumuuliza Madame, mwalimu wetu, nyumbani kwake, nikarudi kumweleza Mama upya. Ukuta ukawa mweusi, na Baba akaanza kututania kwamba jiko lake limegeuka inivesite, chuo kikuu kizima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Wasichosema ni kwamba koleo jipya unalifua mwenyewe, na mikono inaungua.

Mwaka uliofuata jina langu lilisomwa, karibu na mwisho, kwa alama za kawaida kabisa. Mama akamwaga poda kiasi kilekile cha mwaka uliotangulia, haikuzidi wala haikupungua, na hilo lilinifunza kuliko vigelegele vyote. Shangazi wa Hombo akatafuta msichana mwingine.

Leo mimi ndiye Madame, na ngazi ni zilezile. Shule imepata mabati mapya, wazazi wanakuja na simu za kupiga picha, lakini njia ya nyuma ya vyoo bado imekanyagwa mpaka haioti nyasi. Bado nawasikia walimu wenzangu wakisema mtoto fulani hana kichwa, kana kwamba kichwa ni shamba la urithi ambalo wengine walinyimwa. Sikubali, na sitakubali. Mwezi wa saba uliopita jina la Furaha, msichana wa darasa langu, halikusomwa. Baba yake alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, na uso wake niliutambua, maana nimeshauona nyumbani kwetu. Furaha akageuka kuelekea vyooni. Nikashuka ngazi, nikamshika mkono, nikafungua mkoba wangu, nikatoa kopo la poda. Direktere akanifuata katika suti yake nyeusi, akininong'oneza: "Madame, acha. Watu wanaangalia. Poda iko ya wenye wamepita."

Nikafungua kopo.

"Papa direktere," nikamwambia, kwa sauti ya Mama, "sogea kidogo. Itachafua kostime yako."