Chuma cha Feruzi

Mzee Thabit alikitumia kile chuma kuzuia mlango wa nyumba yake ya Wattaya, Maskati, usibamizwe na upepo. Nilikitazama mara moja nikajua si nondo ya ujenzi. Mkahawa mmoja wa Qurum ulikuwa ukitafuta vitu vya meli za kale, na mimi riziki yangu ni kununua kwa asiyejua na kumuuzia asiyeuliza.

"Hakiuzwi, Msafiri. Kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Feruzi. Yeye na babu wa Thabit walikuwa watia makaa katika manowari ya Kiingereza, zama za meli za moshi. Wazungu walidai Mwafrika haungui, kwa hiyo matanurini wakawekwa wao. Walipokezana zamu vifua wazi, wakapanda juu kutapika, wakalala sitahani juu ya vumbi la makaa, wakateremka tena. Hata chai ilikuwa na vumbi. Mate yalitoka meusi. Joto la Julai, Maskati ikiwa karibu, Feruzi akaanguka mbele ya tanuri na hakuinuka.

Maiti wa melini alishonewa turubai, vyuma viwili vya tanuri miguuni, akatoswa. Babu ndiye aliyeamriwa kushona. Yeye alitaka mwenzake aelee, afike pwani, Waislamu wamzike kwa sala. Akaficha chuma kimoja. Cha pili aliogopa kukitoa, maana afisa angepapasa miguu.

"Mpaka anakufa Unguja," Thabit alisema, "babu akiuliza: kimoja kinamzamisha mtu?"

Tangu ahamie Maskati, Thabit alikuwa ameuliza kila ufuo, isipokuwa Yiti.

"Mbona Yiti huendi?"

"Nikenda nikaambiwa hapana, ndo basi tena."

"Nakupeleka kwa gari langu. Ukimpata Feruzi, chuma chake. Usipompata, changu."

"Wewe hata na maiti unapatana bei!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Mwaka ule wa tisini na nane mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Akanipa mkono.

Yiti tulimkuta mvuvi mkongwe, Saeed. Thabit akamuuliza kwa Kiarabu.

"Walioletwa na bahari makaburi yao yale pale," alijibu, "na kila mmoja tuna habari zake. Wa ndani ya turubai? Hata babu zetu hawakumtaja."

Nikamvuta kando. Kuna hasara ambayo mtu anaimudu. "Sheikh, mwambie yupo mmoja. Utapungukiwa nini?"

Akanitazama kama atazamavyo samaki aliyeoza. "Nizike mtu kwa mdomo?"

Thabit alisikia. Alikuwa ameketi mchangani, mikono magotini.

"Basi kimoja kilitosha," akasema.

"Mzee, pwani ni ndefu."

"Nyamaza, Msafiri. Ushapata mali yako."

Tulipofika Wattaya alikiinua chuma mwenyewe kwa mikono miwili, nami nikimwambia aache nitakuja siku nyingine, akakipakia nyuma ya gari, akaingia ndani. Nilipowasha gari, upepo ulikuwa ukiubamiza mlango wake, ukiufungua, ukiubamiza tena.